Wafumaji Kinywani

Meno yalikuwepo. Hilo ndilo lililomtia Anasia baridi ya mgongo. Angeona taya tupu angelia, kisha angenyamaza, maana wapo watu wanaozaliwa bila meno na dunia haijasimama. Lakini kwenye kioo cha Jicho, chombo cha kuonea ndani ya mwili kilichotundikwa sebuleni kati ya kalenda ya usharika na picha ya harusi, meno ya mwanawe yalionekana yote, madogo, meupe, yamejipanga ndani ya taya kama mbegu za boga. Na juu yake, mahali ambapo kila mtoto ana uwazi wa jino kupita, mfupa mpya ulikuwa umetanda.

"Rudia," akaliambia Jicho.

Chombo kile hakikuumbwa na adabu ya kusitasita. "Uwazi wa meno ya mbele umezibwa sehemu kubwa. Mfupa bado ni laini. Ukiendelea hivi utakuwa mgumu kabla ya Alhamisi. Baada ya hapo meno hayatatoka."

"Na tukipasua?"

"Vichipukizi vya meno vitakufa."

Mwenye meno, Lomayani, alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake akijaribu kula kifungo cha gauni lake. Alishatimiza mwaka na ushei bila hata jino moja, na majirani walishasema yote ya kusema. Wengine walisema asubiriwe, wapo wanaochelewa. Wengine walisema apelekwe nyuma ya soko kwa yule bwana anayekata fizi za watoto kwa njiti ya baiskeli, akidai anatoa meno ya plastiki. Huyo aliyeleta shauri la mwisho alijibiwa na Anasia maneno ambayo daktari wa meno haruhusiwi kuyasema mbele ya watu.

Alipitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto. Ulikuwa mzuri mno, wa rangi ya waridi, mgumu, umenona. Aliujua ufizi wa namna hiyo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta mlimani. Kila mzee wa kijiji chao, Kilasara, alikuwa nao.

Jino likiwa changa, seli zake hutoa protini ya enameli, ile inayojenga ganda gumu la nje. Wataalamu waligundua kwamba vipande vifupi vya protini hiyo, wanavyoviita peptidi, vina kazi nyingine: vikigusa mzizi wa jino lililolegea, huziamsha seli za ufizi zikumbuke ujana wao. Zinaanza kujenga upya mfupa, na kano linaloshika jino kwenye mfupa, na sementi inayolishika kano. Tatizo lilikuwa kwamba peptidi huoshwa na mate, na nani angeteremka mlima kila wiki kwenda kwa daktari kupakwa dawa? Ndipo wakaunda bakteria wa kukaa kinywani, wakiitoa peptidi kidogo kidogo, usiku na mchana, bila mshahara. Watu wakawaita Wafumaji. Mzee analambishwa kijiko kimoja, anakwenda zake.

Na walifanya kazi, jamani. Kabla yao, wazee wa Kilasara walikuwa wanakonda mbele ya sahani zilizojaa. Maji ya mlima yalishayafanya meno yao kuwa ya kahawia tangu utotoni, na uzee ukayalegeza moja moja mpaka mtu anaogopa kucheka. Sasa walikuwa wanatafuna nyama choma na kusimuliana.

Lakini Wafumaji hawakuwa dawa ya watoto. Kwa mzee hujenga mfupa palipoliwa. Kwa mtoto, ambaye hana kilicholiwa, wangejenga wapi? Wangejenga juu ya meno. Anasia alilijua hilo kama ajuavyo jina lake, na ndiyo maana hakuna mtoto aliyewahi kulambishwa kijiko.

"Mlete huku, ana njaa huyo," alisema mama yake, akiingia kutoka jikoni na kisahani cha nyama.

Bi Eliapenda hakusubiri kupewa. Alimchukua mjukuu, akaketi, akatia kinywani mwake kipande cha nyama, akakitafuna taratibu huku akimwimbia kwa puani. Kisha akakitoa kwa vidole viwili, laini kama uji, akamtia mtoto kinywani. Lomayani akameza na kuachama tena.

Anasia alikuwa amekiona kitendo kile mara elfu na hakuwahi kukiona. Alikiona kama mtu anavyouona mlango wa nyumba yao. Yeye mwenyewe alikulia hivyo, na mama yake alikulia hivyo. Sasa alisimama katikati ya sebule akivitazama vile vidole viwili.

"Mama," alisema, "tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Kumtafunia."

"Tangu alipoanza kula. Ulitaka ameze nyama nzima, na meno hana?"

*

Profesa Kamugisha, mkuu wa mradi wa Wafumaji, alitokea kwenye kioo akiwa na taulo shingoni, povu la sabuni bado kwenye sikio. Alimsikiliza Anasia mpaka mwisho. Alitazama picha ya taya, akaisogeza, akaitazama tena, na lile povu likamkaukia sikioni.

"Anamtafunia," akarudia. "Anasia, tuliuliza. Tulizunguka milima yote tukiuliza mate yanahama vipi. Busu tuliandika. Kikombe tuliandika. Tukaona ni mate kidogo, Wafumaji hawawezi kuanzisha makazi kwa mtoto kwa mate kiasi hicho. Mbona hakuna aliyelitaja hili?"

"Wewe ulilitaja?"

"Mimi nitaje nini?"

"Kwani wewe hukutafuniwa, Profesa?"

Profesa alikuwa mtu wa Bukoba, amesoma nchi tatu, na tai zake zilijulikana wizara nzima.

"Senene," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya padri. "Bibi yangu alikuwa ananitafunia senene. Anatoa miguu kwanza."

"Na hukuandika."

"Nilidhani ni bibi yangu tu."

Anasia alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Chumba kizima cha wataalamu waliobuni mradi, kila mmoja amelelewa kwa mate ya bibi yake, kila mmoja ameona haya, kila mmoja amedhani ni kwao tu. Na yeye alikuwemo chumbani humo, kiti cha tatu kutoka dirishani.

"Ninaye Mzimaji kwenye jokofu," alisema.

"Unaye. Na hutamfungua."

Mzimaji alikuwa kirusi anayekula Wafumaji na kuwaacha wengine wote. Kila daktari wa mradi alikabidhiwa chupa moja, ikiwa na lakiri, ya kufunguliwa kwa idhini ya Baraza la mradi tu. Sababu ilikuwa moja. Mzimaji hakuhitaji mate mengi. Tone lililobaki kwenye ukingo wa kikombe lilimtosha, na akishaingia kinywani penye Wafumaji huzaana mpaka awamalize. Kumpa mtu mmoja ilikuwa ni kuupa mlima mzima.

Na kazi ya Wafumaji ilikuwa haijaisha. Kano walilolijenga kwenye vinywa vya wazee lilikuwa kama fulana ya sufu ambayo haijafungwa fundo la mwisho. Wafumaji wakifa kabla ya msimu wa mavuno, lingefumuka, na meno yote ya Kilasara yangelegea kwa mkupuo.

"Nisikilize," alisema Profesa. "Nipe mpaka Alhamisi. Nitaitisha Baraza, nitakuja na mafundi na waya. Tutayafunga meno ya kila mzee yashikane, kisha tutafungua chupa kwa utaratibu. Wazee watabaki na meno yao, wengi wao. Watoto wengine, nijuavyo mimi, ni wadogo kuliko wako, mifupa yao ina nafasi. Tutawawahi."

"Na Lomayani?"

"Jicho linasemaje?"

"Unajua linavyosema."

Profesa alijifuta uso kwa taulo ingawa uso ulishakauka. "Ni mmoja, Anasia. Najua ninalokuambia ni baya. Lakini ni mmoja."

"Angekuwa wako?"

"Ningefungua," alijibu. "Ndiyo maana sheria ile hawakuachiwa wazazi kuiandika."

*

Jikoni, loshoro ya mahindi na maziwa mgando ilikuwa inachemka kwenye sufuria kubwa. Alasiri ile wazee wa ukoo walikuwa wanakuja kumbariki Lomayani: mtoto hulambishwa asali kwenye kata, kata inazunguka kwa wazee wote, na kila mmoja akishakunywa humtemea mtoto mate kidogo utosini, kwa ajili ya heri na maisha marefu. Anasia aliutazama ule mvuke. Kama angekaa kuipanga njia ya haraka ya kumpeleka Mzimaji kwenye vinywa vyote vya Kilasara, asingepata iliyo bora kuliko hiyo.

Alimweleza mama yake yote. Hakumfichaficha wala hakumtafutia maneno ya kitoto. Bi Eliapenda alisikiliza akiwa na mtoto begani, akimpigapiga mgongoni, na mkono wake ulisimama mara moja tu.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, Mama. Ni sisi tuliokuja na kijiko bila kuuliza."

"Mliuliza. Yule kijana mwenye kishikwambi aliniuliza kama namlisha mtoto kwa usafi. Nikamwambia ndiyo." Aliketi. "Ningemwambia vipi? Ningesema namtafunia, angeniona mshamba, angekuona na wewe umetoka kwa washamba. Binti daktari!"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa waliokuwa wamefichana walikuwa wengi, na wa kuumbuliwa alikuwa mtoto.

"Wangapi wanafanya hivyo, Mama?"

"Wewe nawe. Kuna bibi gani mlimani hapa asiyetafuna?"

Lomayani alicheua. Bi Eliapenda alimfuta, kisha akaingiza ulimi nyuma ya meno yake ya chini, akayasukuma moja moja, kama mtu anayekagua boma lake. Anasia aliikumbuka ile miaka ya uji, mama yake akila peke yake jikoni ili wageni wasione anavyopata tabu, mama yake aliyeacha kwaya kwa sababu maneno yalikuwa yanamtoka na upepo. Alimpenda mno dakika ile, na mapenzi hayo hayakumsaidia kuamua chochote.

"Yangu chukueni," alisema mama yake. "Nimeyafaidi."

"Si yako peke yake. Ni ya Mzee Akyoo. Ni ya Bi Raheli. Ni ya watu wote."

"Basi tufunge geti. Mpe mtoto dawa, nipe mimi, meza na wewe, tukae ndani mpaka huyo mkubwa wako aje na waya zake. Tusile na mtu, tusinywe na mtu."

"Leo? Na wazee wako njiani?"

"Nitawarudisha."

"Utawarudisha wazee waliokuja kutema baraka?"

Tangu mlima ule uitwe mlima hakuna aliyewahi kufanya hivyo, na wote wawili walilijua hilo.

Anasia alikwenda kwenye jokofu. Alisimama mbele yake muda mrefu, mkono kwenye kitasa. Alijiambia kwamba wakijifungia kweli, hakuna atakayeumia. Alijijibu kwamba kuna maziwa yanayouzwa mlangoni, kuna watoto wa jirani wanaoruka ua, kuna paka. Aliwaza waya za Profesa, akawaza Alhamisi. Alijua jambo la haki ni lipi. Aliweza hata kulieleza kwa mifano, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Kisha Lomayani akacheka kule nyuma, kicheko cha fizi tupu, na mkono wa Anasia ukafungua mlango wa jokofu na kuvunja lakiri.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na husema hivyo kama sifa. Anasia hakujisikia kusifiwa. Alijisikia mwizi.

Alijitilia tone moja kwanza, kisha akamtilia mtoto matone ulimini. Lomayani akakunja uso, akayatema yote kwenye gauni. Akajaribu tena, yakatemwa tena. Chupa ilikuwa ndogo.

"Lete hapa, utayamaliza," alisema Bi Eliapenda.

Alimenya ndizi mbivu, akakata kipande, akakikinga chini ya chupa mpaka kikalowa. Akakitia kinywani. Akatafuna taratibu, macho yake yakiwa kwa binti yake, na meno yale yaliyokuwa yamefumwa upya yakafanya kazi yao kama kawaida. Kisha akakitoa kwa vidole viwili, akamtia mjukuu wake kinywani. Lomayani akameza, akaachama tena.

*

"Hodi wenyewe!"

Walikuja zaidi ya walivyotarajiwa. Mzee Akyoo, mkubwa wa ukoo, alikuwa mbele na kata ya asali, amevaa koti lake la Pasaka. Nyuma yake walikuwa wanaume na wanawake wa rika lake, na Bi Raheli Mbise, aliyekuwa amembeba mjukuu wake mgongoni. Walikuwa wanaimba, na walipofika getini wakaendelea kuimba, wakingoja kufunguliwa.

Bi Eliapenda alisimama upande wa ndani, mkono kwenye komeo. Anasia alikuwa nyuma yake na mtoto.

"Shikamooni," alisema Anasia.

"Marahaba, Daktari. Mbona mnatuchungulia kama polisi? Fungua, asali inaita sisimizi."

"Sitafungua, Baba Mkubwa," alisema Bi Eliapenda.

Wimbo ulikatika kwa vipande, wa mbele kwanza, kisha wa nyuma. Mzee Akyoo alitazama komeo, akamtazama mwanamke aliyemjua tangu akiwa msichana wa kuchota maji. Uso wake ulionyesha kwanza mshangao, halafu aibu ya mtu aliyetukanwa mbele ya watu wake.

"Nimemlisha mtoto kwa kinywa changu," alisema Bi Eliapenda, kwa sauti kubwa, ili hata wa mwisho asikie. "Nimemtafunia kila siku. Na Wafumaji wangu wameingia kwake wakayafungia meno yake kwenye mfupa. Ndiyo maana hana jino. Na wa kwenu wasio na meno, wanaotafuniwa, ni hivyo hivyo."

Bi Raheli alipeleka mkono nyuma polepole, akamgusa mjukuu wake mdomoni kupitia kwenye kanga.

Hapo Anasia akatoka mbele, akaeleza mengine: dawa, kirusi, kata, kano lisilofungwa fundo, waya za Alhamisi. Alisema kuwa wao watatu wameshammeza Mzimaji, na kwamba asiyetaka kupoteza meno asinywe na mtu wa nyumba hii wala kula naye. Alisema watoto wadogo wanaweza kungoja, lakini waliokaribia mwaka na nusu hawana nafasi hiyo.

Mzee Akyoo alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na mjukuu nyumbani, wa umri wa Lomayani, na wote walimjua.

"Tukiwapa hao watoto wakubwa leo, sisi meno yatang'oka?" aliuliza.

"Baadhi yenu yatang'oka kabla ya waya kufika. Labda wengi wenu. Siwezi kukudanganya."

Mzee alimimina asali yote chini, nje ya geti, na kupangusa kata kwa pindo la koti la Pasaka. "Sisi tumeshakula," alisema. "Nitamleta wangu. Mpe na yeye."

Wengine waliitika. Wawili watatu waliitika kwa nguvu kuliko walivyotaka, kwa sababu mkubwa wao alishasema, na Anasia aliliona hilo. Hata hivyo kifua chake kilianza kupata nafasi. Alikuwa karibu kushukuru. Alikuwa ameshafungua mdomo ashukuru, Bi Raheli Mbise alipopenya akafika mbele, akashika vyuma vya geti.

"Wako umeshampa," alisema.

"Ndiyo, Bi Raheli."

"Lini?"

"Mchana huu."

"Kabla hatujafika."

"Kabla."

"Tulikuwa njiani tunaimba. Ungesubiri tufike, ungetuambia haya uliyotuambia, tungekujibu hivi hivi. Au tusingekujibu hivi." Aliguna. Meno yake yalikuwa mazuri kuliko ya wote, na aliyaonyesha sasa bila kutabasamu. "Ndicho ulichokiogopa, sivyo? Kwamba tungekuwa na la kusema."

Anasia alitaka kutaja mfupa, na siku, na Jicho. Yote yalikuwa kweli. "Ndiyo," alisema.

"Mama Mbise, yaishe," alisema Mzee Akyoo. "Tumekubali."

"Wewe umekubali. Mimi nimekuta komeo." Bi Raheli alianza kufungua kanga, akamzungusha mtoto kutoka mgongoni mpaka kifuani. Alikuwa msichana mnene, mwenye usingizi, mashavu yanang'aa kwa mafuta. "Nitampa huyu, kwa sababu ni wangu na hana kosa. Lakini Baraza likija Alhamisi, usiwaambie tulikubali. Waambie ulituamulia."

"Nitawaambia," alisema Anasia.

Bi Eliapenda alifungua komeo. Bi Raheli hakuingia. Alimpitisha mtoto peke yake, juu ya mstari wa geti, mikononi mwa daktari. Anasia aliitoa chupa mfukoni. Hakuhitaji kumbembeleza yule msichana wala kumshika kidevu, maana alipoona mkono wa mtu mzima unakaribia uso wake, aliachama mwenyewe, mdomo wazi kabisa, akingoja kulishwa.